Kabla ya kulihukumu jua, hakiki gorogoro yako

Msimu wa mavuno ukiingia, ukingo wa barabara ya Eldoret kwenda Kitale hugeuka uwanja wa kuanikia. Ukifika Moi's Bridge unapokewa na maturubai yaliyotandazwa mahindi, watoto wakiyageuza kwa miguu, kuku wakifukuzwa kwa kelele, na kila mtu akitupia jicho mawingu ya upande wa Cherangani. Hapa jua ni kibarua. Likifika kazini, gunia linauzika. Likikosa siku tatu, mahindi yanaingia ukungu na deni la mbolea linabaki pale pale.

"Mama, haya bado yana maji," anasema mnunuzi, punje mbili zikimzunguka mdomoni.

"Umetoa za juu ama za chini?"

"Za chini."

"Basi onja za juu."

"Za juu ni za kuonyesha wateja, mama. Mimi nanunua gunia zima."

Wanacheka wote wawili, lakini bei haijasogea. Meno yakishindwa kuamua, kuna mashine: ghala la NCPB, bodi ya taifa ya nafaka, halipokei mahindi yenye unyevu uliozidi asilimia 13.5. Baada ya mashine kuna mizani, na mizani nayo lazima ikaguliwe na watu wa serikali na kupigwa muhuri. Baada ya mizani, kwa sisi tunaonunua kidogo kidogo, kuna gorogoro, ule mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili ambao umekuwa kipimo cha taifa bila sheria yoyote kuutaja.

Siku moja nilinunua gorogoro kumi za maharagwe kwa mchuuzi aliyekuwa akipita. Nilipofika nyumbani mama aliyamimina upya kwa mkebe wake mwenyewe. Ya kumi haikufika hata nusu. Nikaanza kulalamika kwamba nimeibiwa maharagwe. Mama akatikisa kichwa: "Maharagwe uliyopewa ni yale yale uliyoyaona yakipimwa. Ulichoibiwa ni kipimo." Kitako cha mkebe wa yule mchuuzi kilikuwa kimegongwa kwa ndani.

Maneno hayo yalinirudia miaka mingi baadaye, niliposoma kuhusu watu wanaotumia maisha yao kusafisha picha za zamani za jua. Kazi yao, ukiipunguza hadi kiini, ni ile ya mama yangu. Na matokeo yake yanafika hapa hapa Moi's Bridge.

Mto, ziwa na madoa

Wazee wa hapa bado wanakumbuka jina la kikoloni la mji huu, Hoey's Bridge, lililotokana na mlowezi Cecil Hoey, aliyejenga daraja la kuvukia mto Nzoia. Maji yanayopita chini ya daraja hili yametoka milimani Cherangani. Yanateremka Bungoma na kuporomoka kwenye maporomoko ya Nabuyole karibu na Webuye, yanapita Mumias, yanawasumbua watu wa Budalang'i kila mwaka wa mvua nyingi, kisha yanaingia Ziwa Victoria.

Kimo cha maji ya ziwa hilo kimepimwa tangu 1896. Mwaka 1923 mtaalamu wa hali ya hewa wa Uingereza, C. E. P. Brooks, alichukua vipimo vya Victoria na vya Ziwa Albert akavilinganisha na hesabu ya madoa ya jua. Madoa hayo ni sehemu za uso wa jua zilizopoa kuliko jirani zake, kwa hiyo zinaonekana nyeusi. Hesabu yake hupanda na kushuka kwa mzunguko wa miaka kama 11. Brooks aliona kitu cha kushangaza: madoa yakiongezeka, maji yanapanda, madoa yakipungua, maji yanashuka.

Hakuwa wa kwanza kuwaza hivyo katika upande huu wa dunia. Mwaka 1872 Charles Meldrum, aliyekuwa akiangalia hali ya hewa kisiwani Mauritius, alidai kwamba vimbunga vya Bahari ya Hindi huongezeka madoa yanapokuwa mengi. Fikiria thamani ya madai hayo kwa mkulima. Kama jua lina ratiba ya miaka 11, na mvua inaifuata ratiba hiyo, basi mtu anaweza kujua mapema mwaka gani apande mahindi yanayokomaa upesi na mwaka gani ahamishe ng'ombe kutoka bondeni.

Kisha ulinganifu ukavunjika. Miaka michache tu baada ya andiko la Brooks, ziwa na jua vilianza kwenda kila kimoja kivyake. Pigo kubwa lilikuja na mvua za mwishoni mwa 1961. Kufikia 1964 Victoria lilikuwa limepanda kwa karibu mita mbili na nusu, wakati madoa ya jua yalikuwa yakiteremka kuelekea kiwango cha chini kabisa cha mzunguko wake.

Mtu mwenye haraka atasema Brooks alikosea, mjadala umekwisha. Mtu aliyelelewa na mama kama wangu atauliza swali la kwanza: ziwa lilipimwa kwa kijiti kile kile miaka yote? Na jua je, lilipimwa kwa gorogoro gani?

Jicho na kioo

Hesabu maarufu ya madoa ilianzishwa na Rudolf Wolf, Mswisi, katikati ya karne ya 19. Ilikuwa hesabu ya macho: mtu anachungulia kwenye darubini iliyowekewa kinga, anahesabu makundi ya madoa, anahesabu madoa moja moja, anaandika tarakimu. Tatizo la jicho ni kwamba halina marudio. Aliyehesabu madoa 40 asubuhi fulani ya mwaka 1880 ameshakufa, na asubuhi yenyewe imekwenda naye.

Picha hurudiwa. Wafaransa wawili, Fizeau na Foucault, walipiga picha ya jua tarehe 2 Aprili 1845, na madoa yakaonekana. Kuanzia 1874 hadi 1976 chuo cha uchunguzi wa anga cha Greenwich, Uingereza, kilisimamia kazi ya kupiga jua picha kila siku. Lakini mawingu ya London ni yale yale tunayoyasikia, kwa hiyo pengo likitokea lilijazwa na vioo vya picha kutoka penye jua la kutosha: Cape ya Afrika Kusini, Dehra Dun na Kodaikanal nchini India, na kisiwa cha Mauritius. Hivyo kumbukumbu ya Greenwich, kwa jina ni ya Mwingereza, lakini siku zake nyingi zimeangazwa na anga za kusini na za Bahari ya Hindi.

Nasema vioo kwa sababu ndivyo vilivyokuwa. Kabla ya filamu, dawa ya fedha ilipakwa juu ya kipande cha kioo. Pale Kodaikanal, juu ya milima ya Tamil Nadu, jua limepigwa picha tangu 1904. Ni hapo John Evershed alipogundua, mwaka 1909, kwamba gesi hutiririka kutoka katikati ya doa kwenda pembeni. Vioo vya Kodaikanal vimehamishiwa kwenye kompyuta, kila picha ikiwa na pikseli 4096 kwa 4096. Mtu anaweza kudhani kazi imeishia hapo. Kwa kweli ndipo inapoanzia.

Kutoka weusi hadi mwanga

Weka kioo cha zamani juu ya meza yenye taa chini yake, upige picha kwa kamera ya kisasa. Unachokiona ni mchanganyiko: jua, kasoro za kioo, kasoro za taa, vumbi la leo na alama za vidole vya mtu wa 1910. Hatua ya kwanza ni kupiga picha ya taa tupu, bila kioo juu yake. Kama kona moja ya taa ni hafifu, itaonekana, na kompyuta itagawanya picha ya kioo kwa picha ya taa ili kona ile isihesabiwe kuwa jua limefifia upande huo. Ni sawa na kupima karai tupu kabla ya kulijaza mahindi.

Hatua ya pili ni ngumu zaidi. Weusi ulio kwenye kioo hauongezeki sawasawa na mwanga ulioingia. Wapishi wanalijua jambo hili kwa chumvi. Punje chache za kwanza kwenye sufuria ya sukumawiki hazisikiki kabisa. Ukiendelea, kila kidole cha chumvi kinatambulika. Ukipita kiasi, ulimi unachoka. Ongeza kijiko kizima na mlaji atasema tu kwamba imezidi, bila kujua imezidi mara ngapi. Dawa ya picha ina tabia hiyo hiyo, na Hurter na Driffield waliichora kwa mstari mwaka 1890: mwanzo ulio bapa, katikati panapopanda, na juu panapolala tena.

Mpiga picha mwangalifu wa zamani aliacha ufunguo. Pembeni mwa kioo alichapa ngazi ya vipande vya kijivu, kila kimoja kikiwa kimepokea mwanga uliopimwa. Ukiwa na ngazi ile, unaweza kusoma weusi wowote na kuurudisha kuwa mwanga. Ngazi isipokuwepo, na kwenye vioo vingi haipo, wataalamu hutumia sehemu za jua lenyewe zilizotulia, zisizo na madoa wala pilikapilika, kuwa mizani ya kupimia sehemu nyingine.

Sehemu iliyolala juu ya mstari haina tiba. Jumapili jioni, tarehe 3 Novemba 2013, jua lilipatwa. Kaskazini, Turkana, lilifunikwa lote. Huku kwetu likamegwa sehemu kubwa. Wengi walinyanyua simu. Nilionyeshwa picha zile baadaye: duara jeupe, kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwanga ulikuwa umeizidi nguvu kamera, kila pikseli ikaandika "nimejaa" na kunyamaza. Hakuna programu itakayolitoa lile pengo kwenye weupe ule, kwa sababu halikuandikwa.

Kaskazini ni wapi?

Sasa tuna mwanga. Tutafute jua lenyewe. Kompyuta hufuata ukingo wa duara na kukokotoa kitovu na upana wake. Upana huo haulingani mwaka mzima: mwanzoni mwa Januari dunia iko karibu zaidi na jua, na duara linaonekana kubwa kuliko la Julai kwa zaidi kidogo ya asilimia tatu. Asiyelirekebisha hilo atasema madoa ya Januari ni makubwa.

Ukingo una hila nyingine. Jua kwenye picha ni jeupe katikati na hafifu pembeni, kwa sababu pembeni tunaona tabaka za juu, zisizo na joto kama za ndani. Wataalamu huuchora ufifiaji huo na kuuondoa, ili doa lililo ukingoni lipimwe kwa haki sawa na la katikati. Tena doa la pembeni huonekana jembamba, kama sahani unayoitazama kwa upande, kwa hiyo eneo lake hukuzwa kwa hesabu. Kipimo cha eneo ni sehemu moja ya milioni ya nusu ya jua inayotuelekea. Usiidharau sehemu hiyo: moja tu ni kama Kenya tano. Kundi kubwa kuliko yote lililowahi kupimwa, la Aprili 1947, lilifikia sehemu 6,132.

Kisha kuna swali linaloonekana dogo: kaskazini ni wapi? Kioo kina nyuso mbili. Fundi akikilaza kifudifudi badala ya chali, mashariki inakuwa magharibi, na hakuna kitu kwenye picha kitakachopiga kelele. Ukaguzi wake unapendeza kwa urahisi wake. Chukua picha ya kesho yake. Jua hujizungusha, na tukilitazama kutoka duniani humaliza mzunguko kwa siku kama 27, kwa hiyo madoa husafiri kutoka mashariki kwenda magharibi. Yakionekana kurudi nyuma, kioo kimoja kimegeuzwa. Picha ya kesho hutenganisha pia doa na vumbi: doa la kweli litakuwepo limesogea kidogo, vumbi halitakuwepo kabisa.

Saa nayo lazima ihakikiwe kwenye daftari la mpiga picha. Sisi tunaosema saa tatu asubuhi huku simu ikionyesha 9:00 tunaelewa vizuri kosa la namna hii. Tofauti ya saa sita hulihamisha doa zaidi ya nyuzi tatu kwenye uso wa jua. Kwa anayechunguza kasi ya mzunguko wa jua, hilo ni kosa la kuharibu utafiti mzima.

Taji lililopigwa picha Loiyangalani

Kenya nayo ina nafasi yake katika ghala hili la picha. Tarehe 30 Juni 1973 kivuli cha mwezi kilipita kaskazini mwa nchi, na Loiyangalani, ukingoni mwa Ziwa Turkana, kukawa na kambi ya wanasayansi. Miongoni mwao walikuwepo watu wa kituo cha utafiti wa anga cha Boulder, Colorado, waliokuja na kamera iliyobuniwa na mwenzao Gordon Newkirk.

Walichokifuata ni taji la jua, ule mwanga mweupe unaotapakaa kuzunguka mwezi mweusi, ambao wataalamu huuita korona tangu zamani kabla jina hilo halijatuletea kumbukumbu za barakoa. Tatizo la korona ni pengo la mwanga: karibu na ukingo inang'aa, na ukienda mbali kidogo inafifia mara elfu na zaidi. Filamu ya kawaida ikitosheka na sehemu ya ndani, ya nje haionekani. Ukiisubiri ya nje, ya ndani inaungua. Newkirk aliweka mbele ya filamu kichujio cheusi katikati na cheupe kadiri unavyokwenda pembeni. Picha moja ikabeba vyote viwili.

Ni picha nzuri sana ukiitundika ukutani. Kwa kipimo, ni gorogoro iliyobonyezwa makusudi, na aliyeibonyeza aliandika imebonyezwa kiasi gani. Anayeichakata leo lazima akirudishe kwa hesabu kila kilichozuiwa na kichujio, la sivyo atadhani korona ya mbali inang'aa karibu sawa na ya karibu. Mbonyeo si dhambi. Dhambi ni kuuficha.

Penye viungo ndipo panapovuja

Madhara makubwa hutokea pale kumbukumbu mbili zinapounganishwa. Greenwich walipoacha mwaka 1976, kazi ya kupima maeneo ya madoa iliendelezwa kwa takwimu za jeshi la anga la Marekani. Wamarekani walitumia utaratibu mwingine, na maeneo yao yalitoka madogo. Ili yalingane na ya Greenwich inabidi yazidishwe kwa kama 1.4. Mtu akiunganisha bila kuzidisha, grafu yake itasema madoa ya jua yalisinyaa ghafla mwishoni mwa miaka ya sabini. Jua halikufanya kitu. Kilichobadilika ni mkebe.

Hata hesabu ya macho ya Wolf ilikutwa na mbonyeo. Karibu mwaka 1947, pale Zürich, utaratibu wa kuyapa madoa makubwa uzito zaidi uliipandisha hesabu kwa takriban asilimia 18. Miongo ikapita, maandiko yakaandikwa. Tarehe 1 Julai 2015 kituo cha Brussels kinachotunza hesabu hiyo kilitoa toleo lililosahihishwa, na jua la karne ya 20, lililosemekana kuwa na vilele visivyo na mfano, likaonekana kufanana zaidi na la karne zilizotangulia. Kumbukumbu zenye picha zilisaidia kuutambua mruko ule, kwa sababu kioo cha 1947 unaweza kukihesabu tena leo.

Turudi sasa ziwani. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na J. Curt Stager walirejea swali la Brooks wakiwa na vipimo vya karne nzima. Walieleza kwamba vilele vya madoa viliambatana na vilele vya Victoria katika karne yote ya 20, mvua zikitangulia kwa kama mwaka mmoja. Na kwamba mipando mingine iliyotokea kati ya vilele hivyo, ule wa 1961 ukiwemo, ilikuwa na sababu nyingine, zikiwemo za joto la Bahari ya Hindi na Pasifiki. Brooks, kumbe, hakuota ndoto tupu. Alichukua miaka michache akadhani ameona yote.

Na bado jua linatuchezea. Mei 2020 ziwa lilifikia mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, Uganda, likaipita rekodi ya 1964, miezi michache tu baada ya jua kufikia kiwango chake cha chini cha Desemba 2019. Mwenye shaka akashangilia. Mei 2024 ziwa likapanda tena, na safari hii jua lilikuwa karibu na kilele cha mzunguko wake. Mwenye imani akashangilia. Watu wa Budalang'i, ambao maji yote mawili yaliingia nyumbani kwao, hawakumshangilia yeyote.

Mimi sijui kama jua linanong'ona na mto huu. Ninachojua ni kwamba neno hilo likisikika, litasikika kwa sauti ndogo, chini ya kelele za bahari na mawingu. Sauti ndogo huzikwa kirahisi na mbonyeo wa asilimia 18, na kosa la 1.4 linaweza kuizua hata pale isipokuwepo. Ndiyo maana siwaoni kama wapoteza muda wale wanaokesha wakitafuta kaskazini ya kioo cha 1911.

Mama yangu sasa ana mikebe mitatu mipya ya plastiki, mizuri, yenye rangi. Ule wa bati umeshika kutu mdomoni na hautumiki tena kupimia wageni. Nilipotaka kuutupa alinizuia. Kila mkebe mpya ukiingia nyumbani huujaza kwanza mahindi, akayamimina kwenye ule wa zamani, akatazama kama yamefika pale pale. Vioo vya Kodaikanal navyo vinastahili kukaa rafu zao hata baada ya kompyuta kuvisoma vyote. Siku programu ya leo itakapotiliwa shaka, na siku hiyo itakuja, patahitajika mkebe wa bati wa kuipimia.